Siku Tisa Ureno, kwa Treni na kwa Miguu

Mtaa unaitwa Janelas Verdes, yaani madirisha ya kijani, na jumba lenyewe limekaa juu ya kilima kinachoutazama mto Tagus, jijini Lisbon. Ni Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, yaliyofunguliwa mwaka 1884. Ndani, nyuma ya kioo, kimesimama chombo cha dhahabu ambacho kimo chake kinazidi kidogo sentimita 70. Ni monstransi, chombo ambamo Wakatoliki huiweka Ekaristi ili iabudiwe. Fundi amekichonga mfano wa kanisa dogo: nguzo nyembamba kama njiti, vipaa vilivyochongoka, mitume 12 wamepiga magoti kwa duara, na juu yao njiwa mweupe ametundikwa kana kwamba ndiyo kwanza anatua. Mgeni akiinama kutazama kitako, ataona maandishi yameuzunguka ukingo. Herufi ni za kizamani na Kireno chake ni cha kale, lakini kuna neno moja ambalo msomaji wa Kiswahili halimponyoki: Qilva.

Ni Kilwa hiyo hiyo. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga mbele ya Kilwa akiwa na manowari, akamtisha mtawala wake kwamba mji utateketezwa asipokubali kulipa kodi ya dhahabu kila mwaka. Dhahabu yenyewe ilikuwa imechimbwa mbali, bara, upande wa Zimbabwe ya leo, ikateremshwa hadi Sofala na kupandishwa jahazi kwenda Kilwa, mji uliotajirika kwa biashara hiyo. Ilifika Lisbon mwaka 1503. Mfalme Manuel wa Kwanza akamkabidhi sonara Gil Vicente, na kazi ikakamilika mwaka 1506. Kati ya kufika kwa dhahabu na kumalizika kwa kazi, mwaka 1505, kundi jingine la merikebu chini ya Francisco de Almeida lilikuwa limeipora Kilwa na kuichoma moto Mombasa.

Mtu wa pwani anayesimama mbele ya kioo kile huwa na mengi ya kutafakari, na dakika kumi hazimtoshi. Hapo ndipo ilipo sababu ya kwanza ya kuizunguka Ureno mwenyewe, bila msafara wa basi. Misafara mingi hukimbilia mnara wa Belém, ikashusha watu wapige picha, ikawapandisha tena kwenda Sintra. Makumbusho haya yako kando ya njia hiyo. Anayesafiri peke yake ndiye mwenye nafasi ya kugeuza njia na kukaa asubuhi nzima, ilimradi asiende Jumatatu, siku ambayo makumbusho mengi ya nchi ile hufungwa.

Nchi yenyewe inafaa kwa safari ya namna hii. Si kubwa: kutoka Lisbon hadi Porto, miji yake miwili mikuu, treni ya kasi huchukua kama saa tatu. Shirika la reli la taifa, Comboios de Portugal, huuza tiketi za safari ndefu mapema kwenye intaneti, na anayenunua mapema hulipa kidogo kuliko anayenunua dirishani siku ya safari. Pale reli isipofika, kuna mabasi. Siku tisa zinatosha kwa mzunguko wenye miji minne na vijiji viwili: usiku mitatu Lisbon, miwili Évora, mmoja Coimbra, miwili Porto. Raia wa Kenya na wa Tanzania wanahitaji viza ya Schengen, ambayo ada yake kwa mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024, pamoja na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Miezi mizuri ni Aprili na Mei, au Septemba na Oktoba. Julai na Agosti jua la kusini hufika nyuzi 40, na hata mtu aliyezaliwa Lodwar atatafuta kivuli.

Lisbon ni mji wa vilima, na njia zake zimesakafiwa vijiwe vidogo vyeupe na vyeusi ambavyo miaka mingi ya nyayo imevilainisha. Mvua ikinyesha vinateleza kama sabuni. Viatu vyenye soli ya mpira ni muhimu kuliko kamera. Tramu namba 28, ile ya rangi ya manjano inayopanda na kushuka kwa kelele, ni nzuri alfajiri. Mchana hujaa pomoni na wezi wa mifukoni wanaijua vizuri.

Mahali pa kuanzia kutembea ni Alfama, mtaa mkongwe kuliko yote, wenye vichochoro vya kupitana ubavu kwa ubavu ambavyo mtu wa Mji Mkongwe wa Zanzibar au wa Lamu hatavishangaa. Jina lake limetoka katika Kiarabu, neno la chemchemi za maji moto na mahali pa kuogea, ukoo mmoja na hamamu yetu. Waislamu waliitawala sehemu kubwa ya nchi hii kuanzia mwaka 711. Lisbon ilichukuliwa na mfalme Afonso Henriques mwaka 1147, na kusini kabisa, Algarve, ambayo jina lake ni magharibi kwa Kiarabu, ikafuata mwaka 1249. Waarabu waliondoka, maneno yakabaki. Sukari ni açúcar. Zaituni ni azeitona. Mreno anapotamani jambo litokee husema oxalá, na mwenye sikio la pwani husikia mara moja inshallah ndani yake.

Halafu kuna maneno yaliyosafiri upande wa pili, kutoka kwa mabaharia wa Kireno kuja kwetu, nayo ndiyo yanayoupa mlo wa kwanza mkahawani ladha ya pekee. Mhudumu anamwonesha mgeni mesa. Analeta copo la maji. Anauliza kama atakunywa vinho. Nje, kwenye jengo la serikali, inapepea bandeira, na wazee wawili bustanini wanacheza cartas, mmoja akitupa trunfo kwa kishindo. Meza, kopo, mvinyo, bendera, karata, turufu. Usiku mgeni akitaka foronya safi hana haja ya kamusi, aseme tu fronha. Ni furaha ndogo, lakini inarudi kila siku, na wageni kutoka nchi nyingine za Ulaya wanaokaa meza ya pili hawaipati.

Onyo moja hapo hapo mezani: mkate, siagi na zaituni zinazoletwa kabla mtu hajaagiza huwa si takrima. Zitaingia kwenye bili. Asiyezitaka azirudishe bila kuzigusa, wala hakuna atakayeona vibaya.

Katika maneno hayo ya mkopo limo moja zito kuliko mengine. Kanisa kwa Kireno ni igreja, na wataalamu wa lugha wanatueleza kwamba kutokana nalo tumepata gereza. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba watu wa Mombasa waliliunganisha neno hilo na Ngome ya Yesu, iliyojengwa kuanzia mwaka 1593 na kuwa na kanisa ndani yake. Waingereza nao wakaifanya ngome hiyo jela tangu 1895 hadi 1958. Mtu akilibeba neno hilo kichwani na kushuka Alfama kuelekea kanisa kuu, atakuta jengo liitwalo Aljube. Jina hilo nalo lina asili ya Kiarabu, maana yake kisima au shimo, na kwa karne nyingi jengo lenyewe lilikuwa gereza kweli. Chini ya udikteta wa Salazar polisi wa siri waliwafungia humo wapinzani wa kisiasa, akiwemo Agostinho Neto, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Angola. Tangu mwaka 2015 ni makumbusho ya waliopinga udikteta na waliopigania uhuru. Vyumba vya wafungwa vilikuwa vyembamba mno, upana wa mtu kulala na kuishia hapo.

Mtanzania atasoma maelezo ya ukutani kwa jicho lake mwenyewe. FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji kutoka kwa Ureno, kiliundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962, na wapiganaji wake waliingia Msumbiji wakitokea kusini mwa Tanzania. Vita vya Msumbiji, Angola na Guinea-Bissau ndivyo vilivyowachosha maofisa vijana wa jeshi la Ureno hadi wakaiangusha serikali yao wenyewe tarehe 25 Aprili 1974, siku ambayo watu wa Lisbon waliwatia askari maua mekundu kwenye mitutu ya bunduki. Uwanja wa Carmo, ambako waziri mkuu Marcelo Caetano alisalimu amri, uko mwendo wa dakika chache kutoka mitaa ya maduka. Una miti, benchi na kibanda cha kahawa. Panafaa kupumzisha miguu.

Siku ya tatu ni ya Belém na Sintra kwa pamoja, kwa mwenye nguvu. Katika kanisa la monasteri ya Jerónimos, iliyoanza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16 kwa mali ya biashara ya Bahari ya Hindi, Vasco da Gama amelazwa upande mmoja wa mlango na mshairi Luís de Camões upande wa pili. Camões ndiye aliyeisimulia safari ya kwanza ya da Gama kwenda India katika ushairi uliochapishwa mwaka 1572, na Malindi imo katika utenzi wake kama bandari ya watu wakarimu. Jirani na monasteri hiyo vinauzwa vitobosha vya maziwa na mayai ambavyo vimeokwa hapo hapo tangu mwaka 1837. Viliwe vikiwa vya moto, vimenyunyiziwa mdalasini. Sintra iko dakika 40 kwa treni kutoka stesheni ya Rossio. Kasri la rangi kule mlimani lina foleni ndefu, lakini kasri la zamani lililo katikati ya mji, lenye mabomba mawili makubwa ya moshi yenye kimo cha mita 33, halina fujo hiyo, na jiko lililo chini ya mabomba hayo linatosha kulisha kijiji.

Kwa Mwislamu, suala la chakula na ibada haliwi gumu. Msikiti Mkuu wa Lisbon ulifunguliwa mwaka 1985, na jamii iliyoujenga ina watu wengi waliotoka Msumbiji. Kuzunguka uwanja wa Martim Moniz kuna bucha na mikahawa ya halali ya Wabangladeshi na Wapakistani. Jiji hilo pia ndilo makao ya Uimamu wa Ismailia, na ndiko alikofariki Aga Khan wa Nne, Februari 2025, mtu ambaye utoto wake aliupitishia Nairobi.

Kutoka Lisbon kwenda Évora ni saa moja na nusu hivi. Treni ikishavuka mto, nchi inafunguka: nyasi kavu, mchanga mwekundu, na miti iliyosimama mbali mbali kama tuonavyo kwenye mbuga zetu. Mingi ni mialoni ya vizibo, na yenyewe ni jambo la kutazamwa kwa karibu. Shina limevuliwa gome kutoka chini hadi kwenye matawi ya kwanza, limebaki jekundu kahawia, laini kama ngozi iliyochunwa, na juu yake imepakwa tarakimu moja nyeupe kwa rangi. Tarakimu hiyo ni ya mwisho ya mwaka ambao mti ulivuliwa mara ya mwisho. Ikiwa ni 4, maana yake 2024, na mti huo hautaguswa tena hadi 2033, kwa sababu sheria inataka miaka tisa ipite. Mche mpya unahitaji kama miaka 25 kabla ya kuvuliwa mara ya kwanza, na gome la kwanza halifai kwa vizibo bora. Kazi hufanywa kwa shoka, kwa mkono, majira ya joto, na fundi lazima ajue nguvu ya kupiga: akizidisha anaujeruhi mti, akipunguza gome haliachii. Karibu nusu ya gome la vizibo la dunia nzima hutoka Ureno. Mzee anayepanda mwaloni leo anawapandia wajukuu, na mashamba yale ya Alentejo, mkoa wa Évora, yametunzwa hivyo kizazi baada ya kizazi.

Évora ina hekalu la Warumi, ina chuo kikuu cha mwaka 1559, na ina mfereji wa maji wa karne ya 16 ambao watu wamejenga nyumba zao ndani ya matao yake. Ina pia kanisa dogo ambalo kuta zake watawa Wafransiska walizipamba kwa mifupa ya maelfu ya watu. Anayeona vibaya kuangalia mafuvu aliache, hapungukiwi kitu. Kisichopaswa kuachwa ni açorda, chakula cha maskini wa Alentejo: mkate mkavu, vitunguu saumu, mafuta ya zeituni, yai, maji ya moto, na kotmiri kwa wingi. Harufu ya kotmiri inayopanda kutoka kwenye bakuli lile ni ya jikoni kwa mama, tena ni nadra kuikuta katika mapishi ya asili ya Ulaya.

Kijiji cha kwanza ni Monsaraz, mashariki ya Évora, karibu na mpaka wa Hispania. Mabasi ya kufika huko, ambayo mtu hubadilisha katika mji wa Reguengos, ni machache, hivyo ratiba iulizwe jana yake na si asubuhi ya safari. Wawili au watatu wakichangia gari la kukodi wanapata wepesi zaidi. Kijiji kiko juu ya mlima, kimezungushiwa ukuta, nyumba zake zimepakwa chokaa nyeupe, na njia kuu unaimaliza kwa dakika tano. Chini linametameta ziwa la Alqueva, moja ya maziwa makubwa ya kutengenezwa katika Ulaya Magharibi. Milango ya bwawa lake ilifungwa mwaka 2002, na kijiji cha Luz kikahamishwa chote kabla ya maji kupanda. Waliojengewa upya si walio hai peke yao. Wafu nao walifukuliwa wakahamishiwa makaburi mapya.

Lakini hazina ya Monsaraz iko ndani ya jumba dogo lililokuwa mahakama ya zamani. Mwaka 1958 nyuma ya ukuta wa humo uligunduliwa mchoro wa karne ya 15 unaoonesha mahakimu wawili. Mmoja ameshika fimbo yake ya enzi wima. Wa pili fimbo yake imevunjika, na ana nyuso mbili, kila moja imegeukia upande wake: huku anapokea fedha, huku anapokea kware wa kuliwa. Kiswahili kina jina lake tayari, ndumakuwili. Mchoro huo uliwekwa mahali ambapo hakimu na wadaawa wote wangeuona kila kesi inaposikilizwa, na rangi zake, pamoja na kuchubuka, bado zinasomeka hadi leo.

Coimbra inapatikana kwa kurudi Lisbon na kubadilisha treni katika stesheni ya Oriente. Usiku mmoja unatosha, ila uwe na asubuhi yake. Chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1290 na kukaa hapo moja kwa moja tangu 1537, na wanafunzi wengine bado huvaa majoho meusi. Watu hupanda kilima kwa ajili ya maktaba ya Joanina, ya mwanzoni mwa karne ya 18, yenye rafu zilizonakshiwa dhahabu hadi darini. Ndani yake wanaishi popo. Hakuna anayewafukuza, kwa sababu usiku hula wadudu ambao wangetoboa vitabu. Jioni wafanyakazi hufunika meza za thamani kwa ngozi, asubuhi huzifunua na kusafisha kinyesi, na utaratibu huo umedumu muda mrefu kuliko kumbukumbu ya yeyote anayefanya kazi pale.

Porto ni mji wa kazi. Daraja la chuma la Dom Luís, la mwaka 1886, lina njia mbili, moja juu na nyingine chini, na anayevuka kwa miguu njia ya juu wakati wa magharibi huona mto Douro ukigeuka shaba. Stesheni ya São Bento ina ukumbi uliofunikwa vigae vipatavyo 20,000 vya buluu na nyeupe, kazi ya Jorge Colaço. Mmoja wa michoro hiyo mikubwa unaonesha Wareno wakiiteka Ceuta, Afrika Kaskazini, mwaka 1415. Ndiyo hatua yao ya kwanza katika bara letu, miaka 83 kabla ya kuonekana Mombasa. Watu wa Porto husimulia kwamba walizipa merikebu za Ceuta nyama yote wakabaki na matumbo, na mpaka leo wanajiita wala utumbo na kuupika kwa maharage. Anayekula supu ya utumbo Kariakoo atajisikia nyumbani, isipokuwa huko huchanganywa na nyama ya nguruwe, kwa hiyo asiyeila aulize kwanza.

Siku ya nane ni ya kijiji cha pili, Pinhão, saa mbili na nusu hivi kwa treni kutoka Porto. Kwenda, kaa dirisha la kulia. Kwa saa ya kwanza hakuna cha ajabu: vitongoji, bustani za kabichi, nguo kwenye kamba. Kisha reli inaufikia mto Douro na kuandamana nao karibu sana hivi kwamba dirishani huoni ukingo, unaona maji tu. Pande zote mbili milima imekatwa ngazi kwa ngazi na kushikiliwa kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji. Mtu wa Lushoto au wa Kigezi ataelewa papo hapo ni migongo ya watu wangapi iliyoifanya kazi ile. Mizabibu imepandwa humo kwa karne nyingi, na mwaka 1756 serikali ya Marquês de Pombal iliweka mipaka rasmi ya eneo la mvinyo wake, mojawapo ya maeneo ya kwanza duniani kuwekewa mipaka ya namna hiyo. Asiyekunywa mvinyo ana zabibu, lozi na mafuta ya zeituni ya kumshughulisha.

Stesheni ya Pinhão ni ndogo, imepakwa nyeupe, na kuta zake zina vigae vya mwaka 1937 vinavyoonesha mavuno: wanawake wakikata vichala, wanaume wakishuka milimani na vikapu vizito mabegani, mashua zikisubiri mapipa. Baada ya kupanda kijijini na kurudi, msafiri anaweza kukaa kwenye benchi chini ya picha hizo na kulinganisha ngazi za kwenye kigae na zile zilizo ng'ambo ya mto, nyingine hazijabadilika hata kidogo. Treni za jioni ni chache, ya mwisho isimpite. Ikifika, achague dirisha la kushoto. Wakati wa kurudi mto uko upande huo.